Meza Niliyoiita Yangu

Kariokor, Alhamisi mchana

Eunice mama,

Nakuandikia nikiwa kazini. Nimesukuma viatu kando, nimekwangua gundi mezani, na vijana wa hapa bandani wananicheka wakiniuliza kama nimepata kazi ya ukarani. Nyumbani Kaloleni hakuandikiki. Shangazi zako wamejaa hadi jikoni, mama yako analifungua begi lako na kulifunga tena kila baada ya nusu saa, na kila anayeingia ana wosia wake. Sitaurudia. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano unayo, dawa za malaria unazo, na sweta umetiliwa ingawa tumemwambia mama yako mara kumi kwamba Accra ni joto. Mambo hayo yana wenyewe.

Mimi nina moja tu. Juzi jioni ulikuja ukakaa kando yangu ukaniambia, "Dadi, Ijumaa kabla tutoke, wewe ndiye utaniombea. Sitaki pasta. Nataka wewe uniwekee mikono, watu wote wakiwepo." Nikasema sawa. Ukaenda zako ukiwa na furaha, nami nikabaki nikiijutia ile sawa. Unajua kwetu baraka ya mzazi si maneno ya kupitisha wakati. Mtoto huinama kwa sababu anaiamini mikono anayowekewa. Ndiyo maana nitampa mama yako barua hii akupe leo leo, uisome ukiwa peke yako, kisha uamue kama bado unaitaka mikono yangu.

Nitaanza na ripoti yako, maana hiyo ndiyo iliyonichokoza.

Ile karatasi ya Ghana, siasa na uchumi wake kwa ufupi, uliyowaandikia waajiri wako walipokuwa wakikujaribu, uliiacha mezani chini ya bakuli la sukari. Nimekuwa nikija nayo hapa kwa wiki tano sasa. Kizungu chako kimevaa tai, mama. Ilinibidi nibebe kamusi yako ya shule ya msingi, ile iliyotoka jalada, na nisome aya moja kwa kikombe kimoja cha chai. Mama Halima anayetuuzia chai alikuwa akija ananiuliza, "Leo umefika wapi huko Ghana?" nami namsimulia. Sasa hata yeye ana maoni yake kuhusu kakao.

Nimejifunza mengi. Sikujua kwamba walipinduana mara nyingi hivyo, wanajeshi wakiingia na kutoka ikulu, halafu wakachoka, wakaanza kupiga kura, na sasa vyama viwili vikubwa vinapokezana nchi kama watu wawili waliobebeshwa gunia moja. Nilisoma mara mbili pale ulipoandika kwamba katika uchaguzi wao uliopita, aliyeshindwa alimpigia mwenzake simu kumpongeza hata kabla ya matokeo rasmi. Nilimsomea Mama Halima. Akasema, "Huyo alikuwa mgonjwa." Tukacheka. Lakini kicheko chenyewe kilikuwa na uchungu, maana sisi hapa uchaguzi ukikaribia tunanunua unga wa mwezi mzima na kuwapeleka watoto ushago, kule kijijini.

Na nchi ni tajiri. Dhahabu, kakao, mafuta chini ya bahari. Kisha nafungua ukurasa wa pili nakuta nchi hiyo hiyo imeshindwa kulipa madeni yake, sarafu yao, cedi, imeporomoka, bei zimepanda hadi watu wanakonda, na serikali imekwenda kupiga magoti kwa lile shirika la fedha ambalo hata sisi mlango wake tunaujua. Hapo sikuhitaji kamusi. Uliandika kwamba waliokuwa wameikopesha serikali walilazimika kukubali masharti mapya, na kwamba wastaafu waliandamana. Mstari mmoja. Nilikuuliza jioni ile ukanieleza kwamba ni wazee waliokuwa wameweka akiba yao ya uzeeni katika hati za serikali, wakaja kukaa na mabango nje ya wizara ya fedha siku baada ya siku. Ukasema, "Dadi, hiyo ni ndogo, nimeiweka tu kwa ukamilifu." Labda ni ndogo. Mimi nilikaa nikiwaza walikuwa wanakalia nini, na kama kulikuwa na choo karibu.

Mahali pa mito nakupa alama zote. Umeeleza vizuri jinsi watu wanavyochimba dhahabu bila leseni, wenyewe wanaita galamsey, hadi maji yamekuwa rangi ya uji na mashamba ya kakao yamegeuka mashimo. Umesema kila serikali inayoingia inaapa kuwakomesha na kila moja inashindwa. Na hukuwatukana wachimbaji. Uliandika kwamba wengine wao ni wakulima wale wale waliokuwa wakiuza kakao kwa bei iliyopangwa na serikali huku bei ya ng'ambo ikipaa. Nilijivuna hapo. Nikamwambia Mama Halima, huyu ni wangu.

Nikaendelea hivyo, polepole, nikisoma habari za soko lao la mitumba lililoungua na watu wakarudi kujenga juu ya majivu, nikasema hii ni Gikomba yetu tu imehamia mahali pengine. Nikasoma habari za wasichana wanaotoka kaskazini kuja Accra kubeba mizigo kichwani sokoni. Nikafika ukurasa wa nne, kwenye habari za kaskazini yenyewe, nikakuta sentensi yako hii. Nimeitafsiri kadiri ya uwezo wangu: "Machafuko katika mji mmoja wa kaskazini, yanayotokana na mgogoro wa muda mrefu wa uchifu, hayajaathiri uchumi wa taifa kwa kiasi kikubwa."

Niliweka kamusi chini. Siku hiyo sikusoma tena.

Usifikiri nasema umekosea. Najua una hesabu zako na ziko sawa. Shida ni kwamba mimi niliwahi kuishi ndani ya sentensi kama hiyo. Baada ya uchaguzi ule mbaya, wewe ukiwa darasa la pili, kuna mtu mahali fulani ofisini aliandika kwamba biashara ndogo za Nairobi zilirejea katika hali ya kawaida baada ya miezi michache. Sijaiona hiyo karatasi lakini nina hakika iko. Na aliyeandika hakusema uongo. Tulirejea. Mimi nilirejea nikiwa na meza mbili.

Unamkumbuka Anko Japheth. Najua unamkumbuka kwa sababu hadi mwaka juzi ulikuwa unataja zile ndara nyekundu alizokushonea, zenye bizimu ya shaba, ulizokataa kuvua hata ukienda kuoga. Alikuwa jirani yangu hapa, mkono wa kulia, meza kwa meza, kabla hujazaliwa. Mimi nilikuwa mtu wa akala, nakata tairi. Yeye alikuwa fundi wa viatu vya ngozi vya kweli, mkono wake mwepesi, uzi wake haukuonekana. Nilichojua kuhusu ngozi nilikijua kwa kumchungulia, naye alikuwa ananiona na kusogea kidogo ili nione vizuri.

Sasa lazima nikueleze jambo la hapa, kwa sababu wewe hukukulia bandani, tulikuweka mbali makusudi. Hapa hakuna mwenye karatasi ya meza yake. Unalipa ushuru wa siku, basi. Kinacholinda meza ni desturi. Mtu akienda matanga au akiugua, jirani anaweka nyundo yake juu ya meza ya huyo aliyeondoka. Nyundo inasema, hapa pana mtu. Hata mkorofi wa mwisho hagusi meza yenye nyundo. Mwenyewe akirudi, unachukua nyundo yako, mnasalimiana, mmemaliza. Tunaita kushikiana meza. Na jambo la pili ni miguu. Kila fundi huchora miguu ya wateja wake kwenye vipande vya katoni, anaandika jina, anatoboa, anatundika kwenye msumari juu ya kichwa chake. Miguu ya mtu haiguswi. Hiyo ndiyo mali yake, kwa sababu mteja akishachorwa mguu harudi kwa mwingine.

Siku matokeo yalipoharibika, Japheth alikuja hapa mapema na mfuko mmoja. Sitaandika kabila lake wala letu, unayajua, na nimechoka kuyaandika. Watu wa upande wetu ndio waliokuwa wengi bandani, na usiku wa kuamkia siku hiyo kuna watu walikuwa wamepita mtaani kwake wakiuliza majina. Mke wake na watoto alikuwa ameshawatoa. Hakukaa hata. Aliniambia, "Nishikie meza, jirani." Nikaweka nyundo yangu mbele yake, juu ya meza yake, akaiona. Akaenda.

Niliiweka kwa moyo mweupe, Eunice. Kwa wiki mbili tatu nilikuwa mtu mwema. Kuna mmoja alikuja akaiondoa ile nyundo akitaka nafasi, nikasimama nikamwambia airudishe, akairudisha. Ningekufa wakati huo ningekuwa nimekufa vizuri.

Kisha shule zikafunguliwa, zimechelewa, na wazazi wakaja wote kwa pamoja wakitaka viatu vya ngozi vyeusi. Wakauliza Japheth yuko wapi. Wa kwanza nilimwambia hayuko. Wa pili nilimwambia hayuko. Wa tatu alikuwa na haraka, akaniangalia, akasema, "Si wewe pia ni fundi?" Nikanyoosha mkono nikashusha miguu ya Japheth kutoka msumarini, nikatafuta jina la mtoto wa yule mzazi, nikakata. Viatu havikuwa kama vya Japheth lakini vilikuwa viatu. Wiki iliyofuata nilihamishia cherehani kwenye meza yake kwa sababu mwanga wa pale ni mzuri zaidi. Niliona ni kwa muda. Hakuna siku niliamka nikasema leo naiba meza ya mtu. Ungekuwa wizi wa namna hiyo ningeukataa.

Alirudi masika. Mvua ilikuwa inanyesha, banda limejaa watu waliokuja kujikinga. Alikuwa amekonda, na miguuni, fundi yule, alikuwa amevaa patapata za mpira. Akasimama pale mbele ya meza zetu, akaona cherehani. Akaona nyundo haipo, maana nilikuwa naitumia. Mzee mmoja wa hapa, ameshafariki, alikuwa kama msemaji wetu, akauliza kwa sauti, watu wote wakisikia, "Hii meza ni ya nani?" Alijua. Sote tulijua. Aliuliza ili mimi nijibu.

Nikasema, "Ni yangu."

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba niliogopa. Kwamba siku zile ungemtetea mtu wa upande ule ungeonekana msaliti, na msaliti alikuwa anachomewa nyumba. Ni kweli wengine walichomewa. Lakini kwangu mimi, hapa, siku ile, hapana. Hali ilikuwa imetulia. Watu wa bandani wangenipunguzia heshima tu, hawangenigusa. Nilisema ni yangu kwa sababu nilikuwa nimezoea kula kwa meza mbili na sikutaka kurudi kwa moja. Hofu niliitafuta baadaye, nikaivaa kwa sababu inapendeza kuliko tamaa.

Japheth akasema, "Sawa, jirani." Hivyo tu. Mama Halima, wakati huo bado msichana aliyeolewa juzi, alimpa chai, na akasema bila kumtazama yeyote, "Mimi najua hiyo meza ni ya nani." Japheth alikunywa amesimama. Aliporudisha kikombe aliniomba kitu kimoja, miguu yake. Akasema, "Meza kaa nayo. Nipe miguu, nitaanza nayo mahali."

Na hapa ndipo ninaposhindwa kulala, si pale pa meza. Nilipanda kwenye kiti nikaishusha, nikampa kifurushi. Nilimpa ya wale waliokuwa wamehama. Ya wale waliokuwa wanakuja bado, niliibakiza. Niliichambua pale pale mbele yake, nikiwa nimempa mgongo, na alijua ninachofanya kwa sababu alikuwa anajua unene wa kifurushi chake mwenyewe.

Nilipofika nyumbani nikamweleza mama yako, nikiwa nimeipamba hadithi. Akasikiliza, akaendelea kuchambua mboga, akasema, "Baba Eunice, hiyo meza itatula." Hajawahi kuirudia kauli hiyo. Na wewe ulikuja wiki hiyo na ndara zako nyekundu, uzi umekatika, ukauliza, "Anko Japheth ako wapi?" Nikakwambia ameenda kwao, amepata shamba kubwa, ana ng'ombe. Ukafurahi, ukaniuliza majina ya ng'ombe. Nikakupa majina. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, nimeitembea hadi leo.

Ulisoma kwa hiyo meza. Shule ya bweni, chuo, hata kompyuta uliyoandikia ripoti. Sikwambii ili uubebe mzigo huo, ulikuwa mtoto wa ndara nyekundu. Nakwambia kwa sababu uliwahi kuniita mtu wa haki mbele ya wenzako wa chuo, nikatabasamu, nikanyamaza. Huko kunyamaza kumenichosha kuliko kazi yote niliyofanya hapa.

Kumbuka ile Juni uliyoingia barabarani na vijana wenzako kupinga ushuru, bendera mabegani, ukarudi macho mekundu, ukaniambia, "Nyinyi wazazi wetu mlinyamaza, ndiyo maana tuko hapa." Nilikufokea. Nilikwambia huna adabu, nikatoka nikabamiza mlango. Ulidhani nilikasirika kwa kuhofia maisha yako, ukaniomba msamaha kesho yake, nami nikaupokea. Sikustahili kuupokea. Ulikuwa umenigusa pale pale penyewe bila kujua. Mimi sikunyamaza tu, mama. Mimi nilisema.

Basi nilipokutana na ile sentensi yako ya hayajaathiri kwa kiasi kikubwa, nikamuuliza Mama Halima kama anajua alipo Japheth. Akasema, "Nilifikiri hutauliza kamwe." Yuko Njiru, humu humu Nairobi. Kumbe miaka yote alikuwa Njiru, hana shamba wala ng'ombe, ana mwavuli na kiti kando ya barabara ya Kangundo, anatia viraka viatu vya watu wanaokimbilia kazini.

Nilienda Jumapili iliyopita baada ya ibada, ile siku niliyowaambia naenda kumwona mgonjwa. Nilimtambua kwa jinsi anavyoinamisha shingo. Amekuwa mzee, miwani nene. Nikasimama, akaangalia viatu vyangu kwanza kama fundi, kisha uso. Akasema, "Umezeeka, jirani." Nikasema, "Na wewe." Akanisogezea kopo la rangi niketi.

Nikamwambia yote. Meza, miguu, niliyoibakiza, yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa hata nayatamani. Yeye aliendelea kuvuta uzi. Mteja alikuja akachukua kiatu chake akaenda. Nikamwambia nafasi yake bado ipo, arudi hata kesho, nitahamisha cherehani. Akavua miwani. "Na haya macho nitarudi kufanya nini? Siku hizi uzi nauona kwa vidole." Kisha akaniuliza, "Yule msichana wa ndara nyekundu?"

Nikamwambia unaenda Ghana kufanya kazi ya kuandika habari za nchi, siasa na uchumi. Alifurahi, Eunice. Sijui niseme nini kuhusu hilo. Alifurahi kweli, akaniuliza kama Ghana ni mbali kuliko Uganda. Halafu akauliza, "Anajua?"

"Hajui," nikasema.

Akavaa miwani yake tena. "Basi bado hujasema kitu, jirani. Umekuja kuniambia mimi ninachokijua. Mwambie asiyejua."

Nikangoja aongeze neno, hata la kunifukuza. Akavuta kiatu kingine. Nilipoinuka nilimuuliza kama amenisamehe, na nikajiona mtoto. Akasema ana viatu vitatu vya kumaliza kabla ya jioni. Hilo ndilo jibu nililotoka nalo, na nimekubali kwamba huenda nisipate lingine.

Ndiyo nakwambia sasa, wewe usiyejua.

Kuhusu kazi yako sina la kukufundisha. Sikwambii ubadilishe ripoti. Wakubwa wako wametaka kurasa chache na umewapa. Lakini siku moja huenda wakakupeleka hadi huko kaskazini kwenye ule mji, utakuta soko limefunguliwa na watu wanauza, na mtu mwenye adabu kama mimi atakukaribisha kiti, akwambie hali imetulia kabisa. Atakuwa anasema kweli. Hata mimi, angekuja msichana wa Ghana na kalamu yake mwaka ule, ningempa kiti na chai na kumwambia hali imetulia. Sijui ungemuuliza nini mtu kama huyo. Nimefikiri wiki nzima na sijui. Labda ungetazama tu kama kuna meza anayoiegemea kwa nguvu sana.

Nami ninaogopa kitu kingine, nikiseme nimalize. Naogopa kwamba utanisamehe haraka. Una moyo huo, umeutoa kwa mama yako. Utasoma hadi hapa, utalia kidogo, utasema Dadi alikuwa na shida, enzi zilikuwa mbaya, na tutakumbatiana shangazi wakipiga vigelegele. Usifanye hivyo kwa sababu tu ndege inakungoja. Ukiwa na hasira, ondoka nayo. Utaniandikia ukifika, au hutaandika, nami nitajua unaifanyia kazi.

Vijana wanaanza kufunga. Mama Halima anakusanya vikombe, ameniuliza kama nimefika mwisho wa Ghana, nimemwambia bado kidogo. Hii karatasi nitampa mama yako nikifika. Hajui kilichomo, lakini nadhani akiuona uzito wake atajua.

Kesho asubuhi watu watajaa, wataimba, na mtu atasema sasa baba amwombee mtoto. Mimi nitasimama nilipo. Sitakusogelea. Ukija ukainama mbele yangu, nitakuwekea mikono hii hii, sina mingine, na nitaomba kwa sauti nikitaja jina la Japheth, wote wasikie. Usipokuja, mama yako atakuombea, anaomba vizuri kunishinda, na watu watadhani ni machozi yamenizidi. Usiwaambie sivyo, wala usijilazimishe. Mikono hii ukiitaka itakubariki. Usipoitaka, itabeba mabegi.

Babako